Chakama Kumepotea Wangapi?

Ntsa! Maskani za Malindi, jamani. Mtu asionekane siku tatu, na kabla mamake hajafika kituoni kahawa tungu ishamiminwa na kesi ishaamuliwa. Eti kamkimbia mkewe. Eti ana deni. Eti ndovu wa Tsavo kamkuta njiani. Kila mmoja ana lake, na hakuna hata mmoja anayeinuka kwenda kumtafuta.

Mnakumbuka Novemba 2018. Tarehe 20 jioni, watu wenye bunduki waliingia kijiji cha Chakama, wakamimina risasi, wakajeruhi wanakijiji, watoto wakiwemo, kisha wakaondoka na binti wa Kitaliano wa miaka 23 aliyekuwa akijitolea kusaidia watoto pale. Helikopta zikazunguka, polisi wakatangaza zawadi ya shilingi milioni moja kwa kila mshukiwa. Maskani nayo ikatoa yake: ni mambo ya mapenzi, ni pesa, kuna mtu wa ndani. Mwezi Mei 2020 akapatikana hai Somalia, alikokuwa mikononi mwa Al-Shabaab.

Alitafutwa, na ilikuwa haki yake. Kinachonichoma ni waliopotea upande huohuo wa Chakama bila helikopta. Walitoka Busia, Siaya, Nairobi, wakaja na watoto mkononi, wakaingia msitu wa Shakahola kumfuata mhubiri Paul Mackenzie. Ndugu zao walikuja hadi Malindi na picha kwenye simu, wakiulizia. Kijiweni wakajibiwa kwamba mtu mzima akifuata dini yake haulizwi. Haya, na mtoto wa miaka mitatu alifuata dini gani?

Machi 2023 Mackenzie alikamatwa kuhusu watoto wawili waliodaiwa kufa njaa, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, na miili iliyotolewa ikapita 400. Tuliambiwa walifunga hadi wakafa. Lakini mpasuaji mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, alipoichunguza miili alikuta pia dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi na kupigwa kichwani. Mackenzie amekana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayoamua. Ila anayeendelea kusema "walijiua wenyewe" aniambie nani aliyejinyonga kisha akajifukia.

Maneno mepesi ya namna hii hayakuanzia kwetu. Julie Ward, Mwingereza aliyekuwa akipiga picha za wanyama, alipotea Maasai Mara Septemba 1988. Wakubwa wakasema kaliwa na wanyama. Babake, John Ward, hakukubali. Alikodi ndege, mabaki ya bintiye yakapatikana, mguu na sehemu ya taya, na ikaja kubainika kuwa ripoti ya daktari ilibadilishwa: palipoandikwa kuwa mfupa umekatwa, pakageuzwa paonekane umeraruliwa. Baba huyo alikuwa na uwezo wa kukodi ndege. Mama wa Busia ana nauli ya basi tu, tena ya kuazima.

Mama huyo ndiye aliyekaa kwenye hema la Msalaba Mwekundu pale hospitali ya Malindi, akapanguswa mate ya kupima DNA, akarudi kwao kungoja. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Familia moja siku hiyo ilipokea minne. Minne, kwa mlango mmoja!

Na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema wazi kwamba maafisa wa usalama wa Malindi walipelekewa habari mapema wasichukue hatua. Basi mtu angedhani tumeshajifunza. Agosti 2025, Kwa Binzaro, Chakama hiyohiyo, majembe yakarudi ardhini, ikatoka miili zaidi ya 30.

Ndugu yangu, jirani akikosa kuonekana, acha kahawa uende kituoni na jamaa zake leo hiihii. Hakuna sheria ya Kenya inayokutaka ungoje saa 24. Toeni picha, semeni alionekana wapi mwisho na alivaa nini, na msiondoke bila namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Wakiwafukuza, nendeni kwa afisa wa ngazi ya juu, nendeni kwa watu wa haki za binadamu, nendeni redioni. Na wewe uliyeona wageni wakiingia msituni na watoto wasiotoka tena, kaseme.