Umeikataa? Basi Irudishe

Kuna kazi moja ambayo ukiwaeleza wazee wa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, pale mwaloni, watakuuliza kama jana ulilala vizuri. Kampuni inamtuma mtu dukani, benki, hotelini au kituo cha mafuta akajifanye mteja wa kawaida. Anunue soda, aulize makato ya kutuma pesa, aangalie kama mhudumu ametabasamu na kama chooni kuna sabuni, halafu akae pembeni ajaze ripoti ndefu kwenye simu. Huyo ndiye mteja wa siri. Mwenye duka anailipa kampuni ili ajue wafanyakazi wake wanafanya nini bosi akiwa hayupo, na kampuni inamlipa mteja wa siri ujira kidogo na kumrudishia pesa ya soda. Hata hapa Tanzania jambo hili si geni: watafiti wa malaria waliwahi kutuma wateja wa namna hii kwenye maduka ya dawa ya Kilombero na Ulanga, wakadai wana mgonjwa wa homa, ili waone muuzaji atatoa dawa gani. Kazi yenyewe haina ubaya. Kasheshe huanza ikishakwisha, pale ujumbe unapoingia: ripoti yako haikukidhi vigezo, kwa hiyo hutalipwa, tunakushukuru kwa ushirikiano wako. Wakati huo soda imeshanyweka, nauli ameshaila konda, na ripoti imeshafika makao makuu.

Mimi sisemi kwamba kampuni haina haki ya kukataa kazi mbovu. Ninasema kukataa kuna masharti yake, na la kwanza ni kwamba anayekataa kitu hukirudisha kwa mwenyewe. Hili halihitaji profesa. Twende kwenye kituo cha ununuzi wa mahindi cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, Sumbawanga, msimu wa mavuno. Mkulima ameshusha magunia yake, mtumishi anakuja na bambo, analichoma gunia ubavuni, mahindi kiganja kimoja yanamwagika. Yanatiwa kwenye mashine ya kupima unyevu. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa nchi za Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Namba ikizidi hapo, mahindi yamekataliwa, na mkulima wa Ufipa, ambaye amelala kwenye foleni akiyalinda magunia hayo kama mahari, atanuna, atalalamika kwamba mashine ina njaa, atamtaja hata mbunge. Lakini angalia kinachofuata: mahindi ni yake bado. Atayatandaza kwenye turubai, jua la Ufipa lifanye kazi yake, arudi na mahindi yaleyale. Akichoka, atamuuzia mlanguzi kwa bei ya kuumiza, au atayapeleka mashineni, yawe unga, watoto wale. Hajawahi kuonekana mtumishi wa serikali akisema, "Haya ni mabichi, hatuyalipii," kisha akaamuru vijana wayapandishe ghalani.

Ripoti ya mteja wa siri ndiyo hasa hupandishwa ghalani. Ikishatumwa haitoki tena kule ilikoingia. Aliyeikataa ameshaisoma, maana asingeisoma angejuaje kwamba haikukidhi vigezo? Ameshajua kwamba kaunta ya tawi fulani ilikuwa na foleni ndefu na kwamba kijana wa dirisha la pili alikuwa anachati. Hayo hayasahauliki kwa sababu picha ya risiti imekatwa kona. Na mwenye ripoti hawezi kwenda kumuuzia mtu mwingine. Nani wa kununua habari za choo cha benki ya Namanyere? Kampuni zinalijua hili, na nyingine duniani zimeliandika bila haya. Mwaka 2005 Amazon ilianzisha soko la vibarua vidogovidogo vya mtandaoni liitwalo Mechanical Turk, ambako mwenye kazi ana uwezo wa kukataa alichofanyiwa na asilipe, huku masharti yakisema umiliki wa kazi unahamia kwake mara tu inapofanyika. Yaani unanyimwa pesa na unanyang'anywa mahindi katika sentensi moja. Wafanyakazi walilalamika mpaka mwaka 2008 watafiti wawili, Lilly Irani na Six Silberman, wakawatengenezea programu iitwayo Turkopticon ya kuwapa alama waajiri, ili mtu ajue mapema nani ana tabia ya kula na kipofu na kumshika mkono.

Hapo mtetezi wa kampuni atanyanyua kidole. Atasema bila adhabu kali watu watakaa chini ya mwembe, wabuni foleni, wabuni tabasamu, wachukue pesa. Ni kweli, wapo, na hao wasilipwe hata senti. Ripoti ya kubuni si kazi mbovu, ni uongo, na uongo hauna unyevu wa kupima. Tena aliyekwenda duka lisilo lake, akakagua kwa umakini wote benki ambayo haikuuliza, huyo naye hana cha kudai zaidi ya pole. Shida yangu ni kundi la tatu, lile kubwa, la watu waliofika, wakaona, wakaandika kweli, wakaangushwa na kigezo. Chukua fomu iliyotungwa na mtu ambaye hajawahi kuvuka Mto Ruvu, uilete Kipili kukagua wakala wa pesa kwa simu. Kigezo cha kwanza: mkaguzi asitambulike. Kipili! Mahali ambapo mgeni hujulikana kabla begi lake halijagusa mchanga, na mwenye kibanda, kabla ya kuulizwa makato, ameshauliza, "Wewe si mjukuu wa yule fundi mitumbwi wa Kirando?" Kigezo cha pili: picha ya kibao cha duka. Kibao hakuna, kuna mwavuli, na wateja wanamwita mwenye mwavuli kwa jina la mwanawe wa kwanza. Cha tatu: je, mhudumu alivaa beji? Amevaa kanga, na kanga ina maandishi makubwa kuliko beji yoyote, ila fomu haina nafasi ya kuyanakili. Cha nne: muda wa kusubiri kwa dakika na sekunde, kana kwamba anayesubiriwa ni mhudumu na si mtandao. Cha tano: ripoti iingie ndani ya saa chache, na mtandao ndiyo huo umekatika, mkaguzi anapanda kuelekea misheni ya zamani iliyo kilimani, simu juu kama anayebariki ziwa. Ripoti ya mtu huyu ina kila kitu ambacho benki ilitaka kujua kuhusu huduma zake kando ya Ziwa Tanganyika. Itakataliwa kwa sababu kibao hakionekani.

Na anayeikataa ni nani? Hapa mahindi yana heshima nyingine ambayo ripoti haina. Mizani ya kituoni inakaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mashine ya unyevu iko mezani, mkulima anaisoma namba mwenyewe hata kama anaisoma kwa hasira. Anayepima si anayefaidika mfukoni kwa kipimo kuwa kibaya. Kwenye ripoti, kampuni ndiyo iliyotunga kigezo, ndiyo inayokipima, na ndiyo inayobaki na ujira kipimo kikishindwa. Hata malaika tusingempa kazi hiyo bila kumwekea msimamizi.

Mtetezi atahamia kwenye mkataba: ulisoma masharti, ukabonyeza "nakubali", sasa unalia nini? Jibu la haraka ni kwamba hakuna aliyesoma, akiwemo, nadhani, aliyeyaandika. Jibu la maana zaidi liko kwenye vitabu vyetu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya 1872, ina kifungu cha 70 kinachosema kwa ufupi hivi: mtu akikufanyia jambo halali, hakukusudia kukupa bure, nawe ukafaidika nalo, basi umlipe au urudishe. Umlipe au urudishe! Mwanasheria wa kampuni atawahi kusema kifungu hicho ni kwa pale ambapo hakuna mkataba, na hapa upo. Sawa, sigombani naye mahakamani. Ninachomuuliza ni hiki: ikiwa sheria inamlinda mtu aliyefanya kazi bila makubaliano yoyote, mkataba umekuwa kitu gani kama kazi yake ni kumpunguzia aliyekubaliana ulinzi ambao asiyekubaliana anao? Katika hali hiyo afadhali usibonyeze.

Ufipa si mara ya kwanza kuonja mkataba wa aina hiyo. Wazee walioondoka huku kwenda Tanga kukata mkonge, wale walioitwa manamba, walifanya kazi kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, zikamilishwe ndani ya siku 42. Siku haikuhesabiwa kwa jua kuchomoza na kutua, ilihesabiwa kwa mnyapara kutia alama, na alama ilitiwa kazi ya siku ikikamilika. Ukipungukiwa kidogo, siku ile haimo kwenye kadi. Jani la mkonge likishakatwa, hata hivyo, halirudi kwenye mmea wake. Tofauti ya mnyapara na kampuni ya leo ni kwamba mnyapara alikuwa na uso. Uliweza kumbembeleza, kumsalimia kwa adabu, kumtengenezea pombe, na ikishindikana kabisa, kumwimbia wimbo wa kumkejeli, kazini au ngomani. Anayekataa ripoti leo ni barua pepe isiyojibiwa. Mwezi Machi 2024 vijana wa Kenya waliokuwa wakifanya vibarua vya kufundisha akili bandia kupitia Remotasks, mtandao wa kampuni ya Scale AI ya Marekani, waliarifiwa kwa barua pepe kwamba huduma imesitishwa nchini mwao. Mwenye barua pepe kama hiyo hata wimbo hautamfikia. Nikiri tu kwamba inanishangaza: nchi nzima inaitania Sumbawanga kwa radi za mchana kweupe, dereva wa lori hawezi kumdhulumu Mfipa nauli bila kutazama mawingu kwanza, lakini kampuni iliyo mbali inamnyima ujira wake na kulala usingizi. Pengine radi nazo hazina mtandao.

Lipo pingamizi jingine, la kistaarabu zaidi, kwamba hii si ajira, ni hela ya vocha, mtu mzima haishi kwa kukagua sabuni. Hilo nalikubali nusu. Lakini udogo wa pesa ndio unaoifanya dhuluma iwe salama. Tazama New York: tangu Mei 2017 wana sheria inayomlinda mfanyakazi wa kujitegemea, inayotaka mkataba wa maandishi na malipo ndani ya siku 30 kazi ikikamilika pale mkataba usipotaja tarehe. Sharti la mkataba wa maandishi linaanzia dola 800. Ujira wa kukagua kaunta moja ni sehemu ndogo mno ya hizo. Kwetu mtu mwenye mgogoro wa ajira anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini kwanza athibitishe kwamba ni mwajiriwa, na masharti aliyobonyeza yanasema si mwajiriwa. Nani atapanda basi kutoka Kipili hadi Sumbawanga kudai kiasi ambacho nauli ya kwenda peke yake inakimaliza? Kampuni inaijua hesabu hiyo vizuri kuliko inavyojua idadi ya sabuni. Kadhalika, hiyo hela ya vocha mkaguzi ameitanguliza kutoka mfukoni mwake. Ripoti ikikataliwa hakosi faida tu, analipa. Amewagharimia benki upelelezi wao, na hata fulana ya tangazo hakupewa.

Linabaki lile la mwisho, ambalo wenye kampuni hulisema kwa sauti ya huzuni: mteja wetu akiikataa ripoti, na sisi hatulipwi, tutoe wapi? Hapo nawahurumia kwa kiasi. Lakini kampuni iliyochukua kazi ya benki imechukua pia uwezekano wa kukataliwa na benki. Ndiyo maana inabaki na sehemu nono ya malipo. Kumsukumia hasara yote mtu wa chini kabisa si biashara, ni kupitisha sahani. Na dawa ipo, wala si ghali. Kibao hakionekani? Kata sehemu, lipa kilichobaki, kama muuza mahindi anavyopunguziwa bei kwa chenga. Ripoti haina maana kabisa? Ifute, uandike kwamba umeifuta na hakuna neno lake lililokwenda kwa mteja, na kila atakayetumwa tena duka lilelile atumwe kwa ujira uleule. Pesa ya soda irudishwe kwa vyovyote, maana soda haikuwa na kosa. Wakisema hayo yatapandisha bei kwa benki, basi bei ipande. Taasisi yenye uwezo wa kumtuma mtu kutoka Sumbawanga hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika akahakikishe kama mwenye mwavuli anatabasamu, haiwezi kufilisika kwa nauli ya kumrudisha.