Barua ya Mtaa

"Baba, kwani hii kompyuta umeikosea nini?"

Mama mwenye duka aliuliza hivyo mbele ya wateja saba waliofuata mbolea na dawa ya nyanya, na chalii mmoja wa bodaboda ambaye hakufuata kitu, ila aliona watu wamejaa. Ilikuwa jana saa tatu asubuhi, Sakina, kando ya barabara ya Namanga. Masikio bado yananiwaka.

Diski ya seva ya duka ilikuwa imejaa, nikafunga mpya. Usiku, kwa uangalifu wa mtu anayejijua kuwa fundi, nikanakili hifadhidata ya MariaDB kwanza kwenye folda yangu ya nyumbani, kisha nikaihamishia diski mpya na kubadilisha mipangilio. Sikuiwasha kuijaribu. Mambo yalikuwa yamenyooka mno.

Asubuhi MariaDB ikagoma: ruhusa imekataliwa. Ruhusa gani, na mimi ndiye mtumiaji mkuu, ninayeweza kuifuta seva nzima kwa mstari mmoja? Nikatazama mmiliki wa mafaili: sawasawa. Nikapiga chmod 777, yaani kila apitaye asome, aandike, akitaka alale humo. Ruhusa imekataliwa. Mama akafungua kaunta buku, akaanza kuandika mauzo kwa kalamu. Kila alipogeuza ukurasa niliusikia.

Mgomvi wangu anaitwa SELinux, na nakiri ni kiumbe cha ajabu. Chimbuko lake ni NSA, wale majasusi wa Marekani, walioitoa kwa umma Desemba 2000; mwaka 2003 ikaingia ndani ya kiini cha Linux. Leo inalinda bei ya mbolea Sakina. Yenyewe haijali wewe ni nani. Kila faili lina lebo, na kila programu ina lebo, na sera inasema lebo ipi iguse ipi. Ruhusa za kawaida zikishakubali, ndipo huyu mlinzi wa pili anaanza kuuliza maswali.

Ichukulie lebo kama barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Faili likinakiliwa, linapewa barua ya mtaa lilikofikia. Likihamishwa, linakuja na barua ya kule lilikotoka. Uone sasa uangalifu wangu ulivyonimaliza: kwa kupita nyumbani kwangu, hifadhidata ilipewa barua ya huko, user_home_t, na nilipoihamisha ikaondoka nayo hadi diski mpya. MariaDB inaruhusiwa mysqld_db_t. Mlinzi akaona programu ya duka inanyemelea vyumbani kwa mtu, akafunga mlango. Mahali pake ningefunga pia. Na chmod 777 ni kuacha mlango wazi. Barua haibadiliki kwa mlango kuwa wazi.

Kinachoniudhi si kukataliwa, ni kukataliwa bila sababu. Sababu ilikuwepo, imeandikwa neno kwa neno kwenye /var/log/audit/audit.log, lakini ujumbe niliopewa mimi ulisema ruhusa, basi. Nimeshasimama madirishani namna hiyo: karatasi inarudishwa, "haijakamilika," na anayejua kipi hakijakamilika ameenda kunywa chai. Unapanda daladala mara tatu kwa kosa ambalo mtu angelitaja kwa pumzi moja. Ukiuliza mafundi wenzako, wanakwambia zima SELinux yote. Mbwa kabweka mara moja, tayari wanataka achinjwe.

Sikuizima. Mstari mmoja wa semanage, kuiambia sera kwamba folda mpya ni ya hifadhidata. Mstari wa pili wa restorecon, kugawa barua upya. Sekunde mbili, MariaDB ikaamka. Saa nne na nusu.

Mchana nikahamisha poti ya programu ya stoo. Ikazuiwa na mlinzi yuleyule.

Jioni mwenyekiti wa mtaa akanikumbusha kuwa tangu nihame Ngaramtoni sijaleta barua.

Kabla ya kufunga duka nilimweleza Mama yote, tangu NSA mpaka restorecon, kwa moyo. Alisikiliza vizuri, akavua miwani.

"Kwa hiyo dawa yake ilikuwa mistari miwili?"

"Miwili, Mama."

Akarudisha noti moja kwenye droo.