Lori Halikuja

Jumatatu

Dalali alisema lori lingefika saa kumi na mbili alfajiri. Embe tulizichuma jana jioni, ngowe tupu, tukazipanga kwenye kreti chini ya mkwaju na kuzifunika kwa majani ya mgomba. Saa tatu akapiga simu. Katika soko la Kongowea embe zimejaa, bei imeanguka, na tajiri wa Mombasa amelipeleka lori Malindi kwanza. Nikamuuliza nifanye nini na zilizochumwa. "Vumilia, mzee." Ngowe ikishachumwa haivumilii, hasa kwa joto hili la Desemba.

Msomaji asiyejua kilimo cha ukingoni mwa Mto Tana aelewe jambo moja. Dalali huja miti ikiwa bado na maua, wakati mkulima hana kitu mfukoni. Hutazama juu, huzunguka shina, kisha hutaja bei ya mti mzima. Mvua ikizidi au ikikosa, hasara huitupia shambani. Nami nategemea pesa hizi kwa karo ya Januari, na shule hazisubiri lori.

Nimeamua kuzipeleka embe sokoni Garsen mwenyewe.

Jumanne

Kijana wa bodaboda alizifunga kreti kwa mpira, tukaondoka mapema. Kabla ya kufika barabara kuu, tairi la nyuma likakutana na mwiba wa mathenge. Mti huu uliletwa katika kaunti yetu miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutupa kuni. Kuni tunazo. Lakini umekula malisho na kufunga njia za mifugo kuelekea mtoni, na miiba yake hupenya hata kandambili. Kule Baringo wananchi walifika mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Sisi tulimfikia fundi wa pancha, tukakuta foleni ya pikipiki zenye ugonjwa huohuo.

Tulifika sokoni jua likiwa limepanda. Kivuli cha mwarobaini kilikuwa kimejaa, nikatandika gunia juani. Kabla sijauza hata embe moja, mkusanya ushuru alikuwa amesimama mbele yangu. Nikampa noti, akasema hana chenji, akaenda kuitafuta. Alirudi saa nane, na embe za juu zilikuwa zimeanza kulegea.

Aliyeniokoa ni mama wa ndizi, mkulima kutoka upande wa Wema. Alisogeza mikungu yake bila kuombwa. "Baba, leta hizo kreti huku kabla hazijawa uji." Kisha akanionyesha kupanga mafungu: embe nne, tatu chini na moja juu, kikonyo kikitazama chini ili utomvu usichafue nyingine. Sauti yake inafika stendi, na wateja huifuata.

Jumatano

Mtandao wa simu ulipotea tangu asubuhi. Watu wengi siku hizi huja sokoni na simu pasipo noti, kwa hiyo walisimama, wakazipenda embe, wakaondoka. Nilisubiri hadi alasiri.

Aliyeumia zaidi ni mama wa maziwa, Muorma, ambaye hutoka nyumbani gizani ili awahi wateja wa chai. Vyombo vyake hufukizwa moshi wa kuni kabla ya kutiwa maziwa, ili yakawie kuganda. Hasemi mengi. Hufungua kifuniko, hukisogeza karibu na pua ya mteja, naye hunusa ule moshi na kutoa sufuria. Leo wateja walinusa na kusema, "Mama, nitakutumia mtandao ukirudi." Aliwapimia wote. Haandiki popote. Kila deni analo kichwani, pamoja na jina la baba wa mdaiwa.

Adhuhuri ilipokaribia na maziwa yakiwa bado robo, mama wa ndizi alikata chane mbili mkunguni, akampa. Akapewa lita moja. Hakuna aliyepiga hesabu. Mwaka wa 2012 na 2013 watu wa delta hii waliuana, wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma, kwa ajili ya ardhi, malisho na maji, na vijiji vikachomwa. Ndiyo maana mimi nikiona ndizi za Mpokomo zikienda na maziwa ya Muorma yakirudi, siiti hiyo biashara ndogo.

Mtandao ulirudi jua likizama, soko likiwa tupu.

Alhamisi

Leo nilijaribu kuwauzia abiria wa magari ya Lamu. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni, huko Lamu, ya 2014, magari hayo yamepitia vipindi virefu vya kusafiri kwa msafara wenye ulinzi. Abiria anayesafiri hivyo hashuki ovyo. Hununua dirishani kwa haraka, mkono mmoja nje na macho kwa dereva. Nilimpitishia bwana mmoja fungu la embe. Wakati anatafuta shilingi 50, basi likaondoka. Alinipungia mkono.

Mteja mwingine alipasua embe papo hapo na kukuta mdudu mweusi ndani ya kokwa. Alitaka pesa zake. Nilimweleza kwamba huyo huingia embe ikiwa changa na ngozi hufunga nyuma yake, hata mkulima hamwoni. Hakuridhika, nikamrudishia. Wadudu wametugharimu makubwa kuliko hilo: mwaka wa 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kuuza embe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na mlango ukafunguliwa tena 2021. Kwa miaka yote hiyo, mkulima alikosa soko hilo, akabaki na dalali wake.

Ijumaa

Kuna mizani moja upande wetu wa soko, na mwenyewe ni mzee mwenye kofia ya kiua na jicho moja lenye mtoto wa jicho. Foleni yake leo ilianza mapema, kwa kuwa wengi walitaka kupima kabla ya sala ya Ijumaa. Mbele yangu walikuwa wenye mchele, na mama mwenye kambare wa kukaushwa kutoka Ziwa Shakababo, aliyepimisha samaki mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu, mzee alifunga kisanduku na kwenda msikitini. Ni haki yake. Nikakaa.

Hapo akatokea wakala wa dalali. Alitaka kreti zangu, lakini zile za kuvimba: ijaze hadi pomoni, kisha weka kilima juu, fungia neti juu ya kilima, uhesabiwe kreti moja. Hiyo ndiyo lumbesa, na imewafilisi watu wengi kuliko ukame. Bei aliyotaja ilikuwa nusu ya ile ya mwezi wa maua. Nikamwambia tungoje mizani. Akasema hana muda.

Mzee aliporudi alimkuta bado anabishana. Hakuinua sauti. Alinyanyua kreti ya kawaida, akaipima, kisha akapima ile aliyotaka wakala. Akamwonyesha mshale. "Huu mlima wa juu, mwanangu, unaulipia au unauomba?" Watu wakasogea kutazama. Wakala aliondoka bila embe. Mzee alinitoza ada yake ya kupima, nami nilimlipa kwa furaha.

Jumamosi

Habari zilifika kupitia mama wa kambare, ambaye mpwa wake yuko Garissa: mto umepanda. Juu huko kuna mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Yakijaa na kufurika, maji hushuka Garissa, hupita Hola, kisha baada ya siku kadhaa hutufikia sisi wa chini. Mtu hana budi kujua mapema. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalivunja kingo za mradi wa mpunga wa Gamba, na Novemba 2023 maji yalifunika barabara ya Lamu pale Lango la Simba.

Kwa hiyo leo kila mwenye shamba bondeni alivuna alichoweza, akakileta. Mikungu mibichi, mahindi machanga, embe ambazo zilihitaji wiki nzima mtini. Bei ilianguka kabla ya saa nne. Fungu la 50 nililiuza 20. Mama wa ndizi aliuza mikungu ambayo haijanenepa, na sauti yake leo haikufika stendi.

Jumapili

Lori lilifika wakati wa ibada. Dereva alipiga honi nje ya boma, akakuta kreti mbili, akaziacha, akaenda zake. Jioni dalali alipiga simu kulalamika kwamba nimemvunjia ahadi.

Sokoni kwetu panahitajika paa la kivuli, mizani nyingine, na mtu wa kutangaza kwa kipaza sauti, mapema, kwamba maji yanakuja. Si mambo ya mabilioni. Wanaokusanya ushuru wanajua tulipo, kwa maana hutufikia kila asubuhi.

Nawe msafiri, ukipita Garsen msimu huu, nunua embe, na shilingi zako ziwe tayari mkononi kabla dereva hajawasha gari. Usiombe kupunguziwa. Bei imeshapunguzwa.