Jiwe Lenye Nondo

Juzi nilialikwa mjini Babati kutazama kivutio kipya cha utamaduni kinachosifiwa kwa mawe yake. Mawe nimeyaona. Yana nondo. Pale fundi alipobania saruji, nondo inachungulia kama mtoto aliyefichwa wageni wasimwone.

"Hapa, mzee, ndipo walipoishi mababu," akaniambia kijana mtembezaji. Mababu gani? Maana Wagorowa, Wairaqw na Wabarabaig kila mmoja ana wake. "Wote," akajibu, akanionyesha swala wa rangi ya mafuta ambayo bado inanata. Kibao kinasema usiguse. Nikatii, shati lenyewe la kuazima.

Sasa, ukishika lami ya kwenda Dodoma, kabla hujafika Kondoa mjini utaikuta Kolo. Eneo hilo lina miamba zaidi ya 150 yenye michoro ya wanyama na watu warefu wembamba, mingi kwa rangi nyekundu ambayo haikununuliwa dukani. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, UNESCO ikaitia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na wenyeji bado hufanya matambiko yao huko. Kasoro ni kwamba ukifika lazima upande mlima, tena kwa miguu yako.

Hapa hupandi kitu. Soda ipo, na kiboko wa saruji yupo, kinywa wazi, kimejaa chupa tupu. Nikauliza mbona tusiende Ziwa Babati, mwendo wa bodaboda tu, kuwaona viboko wenyewe.

"Wale, mzee, hawatulii kwenye picha."