Mhadhara Mkuu Kuhusu Vifo vya Ghafla vya Seva za Sebuleni

Seva ya sebuleni, kwa mujibu wa fasili iliyopitishwa kwa kauli moja na kamati ya istilahi ambayo mwenyekiti, katibu na mjumbe wake pekee ni mhadhiri mwenyewe, ni kompyuta yoyote, aghalabu iliyokwisha kustaafishwa kazi za ofisini, inayowekwa nyuma ya televisheni ili ihifadhi filamu, tamthilia na nyimbo za nyumba nzima na kuzigawa kwa kila simu na runinga iliyomo humo. Programu inayoipa kompyuta hiyo cheo cha useva huweza kuwa Plex, Emby au Jellyfin. Na kwa kuwa mhadhara usio na nasaba ni porojo, hadhira inakumbushwa kwamba Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018, baada ya Emby kuufunga msimbo wake, yaani maandishi ya programu yaliyokuwa wazi kwa kila mtu, ndipo baadhi ya wachangiaji wakachukua nakala ya mwisho iliyokuwa huru na kuanzisha ukoo wao.

Ugonjwa unaojadiliwa leo huanza baada ya sasisho, yaani toleo jipya linalopakuliwa usiku na mtu ambaye hakulazimishwa na yeyote. Programu huwaka, huhema sekunde chache, huzimika. Mfumo endeshi, ukidhani unasaidia, huifufua ili izimike tena. Kuhusu tiba, wanazuoni wamegawanyika kati ya madhehebu ya Zima-Washa, yanayoamini kwamba umeme una toba, na madhehebu ya Futa-Sakinisha, ambayo hubomoa nyumba ili kuua panya mmoja; kundi la tatu, linalompigia simu mpwa aliyesomea kompyuta, halitambuliwi na taaluma hii, ingawa ndilo lenye mafanikio mengi zaidi.

Chanzo kikuu, na hapa hadhira inaombwa kukaa wima, ni hifadhidata, yaani daftari ambamo programu huandika majina ya filamu, mahali zilipo picha za majalada, watumiaji na mahali kila mtazamaji alipoishia. Plex na Jellyfin hulitunza daftari hilo kwa SQLite, kazi ya D. Richard Hipp ya mwaka 2000, ambayo huweka hifadhidata nzima katika faili moja. Toleo jipya linapowashwa mara ya kwanza, mara nyingi hufanya uhamisho: hupanga upya majedwali, huongeza safu na kufuta nyingine, na katika maktaba kubwa kazi hiyo huenda polepole, kama ilivyokuwa kwa Jellyfin 10.11 ya mwaka 2025, iliyobadilisha sana namna ya kushughulikia hifadhidata. Mwenye nyumba, akiona ukurasa haufunguki, huchomoa waya. Hatua zilizokamilika hubaki, zilizosalia hazifanyiki, na daftari huwa si la kale wala si jipya. Akirudisha toleo la zamani hajiokoi, kwa sababu programu ya zamani hukuta majedwali isiyoyajua na kugoma kwa haki kabisa.

Zipo sababu za daraja la chini, ambazo mhadhiri anazitaja kwa shingo upande: programu-jalizi, yaani vipande vya nyongeza, vilivyoundwa kwa toleo lililopita, diski iliyojaa, na mafaili yaliyobadilika mmiliki kwa sababu mtu aliiendesha seva kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, hata seva yenyewe ikanyimwa ruhusa ya kuandika katika folda zake.

Ni fedheha kwa taaluma kwamba nadharia hii yote hushindwa na faili moja ya maandishi, logi, ambamo seva huandika kila inachofanya, na ambayo kwa Jellyfin iliyosakinishwa kwa vifurushi vya Debian hukaa katika /var/log/jellyfin. Mistari michache ya mwisho kabla ya kifo mara nyingi humtaja mshtakiwa, na mtu yeyote anayejua kusoma huweza kuifikia bila kuhudhuria mhadhara, jambo ambalo mhadhiri amelilalamikia mara nyingi. Ikitaja programu-jalizi, folda yake huondolewa; ikitaja ruhusa, umiliki hurejeshwa; ikitaja hifadhidata, hurudishwa nakala rudufu, yaani nakala iliyowekwa kando kabla ya sasisho, pamoja na toleo lililokuwa likiitumia.

Asiye na nakala rudufu ataanza upya, na filamu zake hazitadhurika, kwa kuwa ziko nje ya hifadhidata. Kitakachopotea ni ushahidi wa nani aliishia wapi: mama mwenye nyumba atadai alikuwa sehemu ya 41 ya tamthilia ya Kituruki, shemeji atashikilia kwamba ilikuwa ya 29, na kwa kuwa mgogoro wa namna hiyo uko nje ya mipaka ya sayansi, mhadhiri anaukabidhi kwa wazee wa ukoo, akijibakizia haki ya kualikwa kwenye pilau la siku ya usuluhishi.