Dumu, Uniti na Koki Iliyoachwa Wazi

Maji ya nyumbani mjini Shinyanga yana vipimo viwili. Cha kwanza ni dumu la lita 20, lililoanza maisha likiwa na mafuta ya kula na ambalo harufu yake haijaisha mpaka leo. Cha pili ni uniti, yaani lita 1,000, ambayo huonekana kwenye mita na kwenye ankara tu. Uniti moja ni madumu 50. Hesabu ni nyepesi, lakini wachache wameipiga, kwa kuwa wanaobeba madumu sio wanaolipa ankara. Mbebaji huujua uzito wa maji shingoni. Mlipaji huujua mwisho wa mwezi. Mikasa mingi ya maji katika nyumba za mji huu hutokea hapo katikati, baina ya shingo na mfuko.

Kabla ya 2009 mji ulitegemea bwawa la Ning'hwa, nje kidogo ya mji. Bwawa katika nchi kavu hupungua kwa njia nne, na watu ni njia ya nne, ingawa katika kulaumiana wao hutangulia. Njia ya kwanza ni jua. Mvua ya Shinyanga kwa mwaka ni kiasi cha milimita 600 hadi 900, nayo hunyesha baina ya Novemba na Mei. Jua nalo lina uwezo wa kunyonya milimita 2,000 hivi kwa mwaka kutoka kwenye maji yaliyo wazi, sawa na milimita tano na nusu kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo kila hekta ya bwawa hupeleka angani lita 55,000 kwa siku, au madumu 2,750, bila foleni na bila ankara. Hakuna kaya ya Ngokolo, hapo mjini, iliyowahi kumaliza kiasi hicho kwa siku, hata ile iliyoozesha mabinti wawili Jumamosi moja.

Njia ya pili ni tope. Udongo unaokokotwa na mvua kutoka mashambani na kwenye njia za ng'ombe hutua chini ya bwawa mwaka baada ya mwaka, mpaka bwawa likawa kama sufuria lenye ukoko mnene: kwa juu ni lilelile, lakini ugali unaoingia ni wa watu wawili. Njia ya tatu ni mifugo. Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 au 40 kwa siku, na zaidi siku za joto. Kundi la ng'ombe 100 hunywa uniti tatu au nne kabla ya adhuhuri. Kuwaomba wapunguze ni kazi bure, na kumuuliza Msukuma ana ng'ombe wangapi ni kukosa adabu.

Zamani lawama za ukame zilikuwa na anwani inayojulikana. Mtemi wa Usukuma alikuwa na jukumu la mvua, na mtemi ambaye mvua ilimkataa miaka mingi angeweza kuvuliwa kiti. Leo lawama hizo hupokelewa kwenye dirisha la ofisi ya maji, na binti anayekaa pale, tofauti na mtemi, hakupewa ng'ombe hata mmoja kwa kazi hiyo.

Bwawa likishuka, maji hubadilika rangi kwanza, ndipo yanapobadilika kiasi. Huanza kama chai ya rangi, yakaishia kama chai ya maziwa. Dawa ya nyumbani ni shabu, jiwe jeupe linalozungushwa ndani ya ndoo mpaka tope litue chini. Shabu ikivunjika ni vigumu kuitofautisha na chumvi ya mawe, na kwa macho ya haraka hufanana hata na sukari iliyogandamana. Kaya moja, ambayo mwandishi anaijua mpaka chumbani, iliweka shabu kwenye kikopo kilichokuwa cha sukari ili watoto wasiichezee. Babu aliyefika asubuhi kutoka Kishapu alijihudumia mwenyewe. Alikunywa chai nusu kikombe, akakunja mdomo kama aliyeng'ata ndizi mbichi, akasema kwa upole kwamba sukari ya mjini imebadilika sana.

Mwezi wa tisa na wa kumi, kaya hupanga maji kwa vyeo. Maji ya cheo cha kwanza ni ya kunywa na kupikia, nayo hukaa kwenye ndoo yenye mfuniko, na kata yake hairuhusiwi kuguswa na mtoto. Cheo cha pili ni ya kuoshea vyombo na kuogea. Yakishatumika hukingwa kwenye karai na kushushwa cheo: hufua, kisha hupiga deki, kisha humaliza utumishi wao chooni. Lita kumi zilezile huweza kufanya kazi nne kabla ya kustaafu. Mfumo huu una kasoro moja tu, kwamba maji hayavai sare. Katika kaya hiyohiyo ya babu, dada wa kazi aliyekuwa na siku tatu tangu afike alichemsha michembe ya viazi kwa maji yaliyokuwa yakisubiri kupiga deki. Michembe ilitoka na povu. Baba mwenye nyumba alikula, akasifu harufu, akauliza kama ni viazi vya Geita. Hakuna aliyemjibu.

Mgeni ni sura ya peke yake katika elimu hii. Mwenyeji wa Shinyanga huoga kwa nusu ndoo, yaani lita kumi, kichwa kikiwemo. Bomba la mvua la bafuni hutoa lita nane hadi kumi kwa dakika, na mgeni aliyekulia penye maji huanza kuimba kwenye dakika ya tatu. Akifika ubeti wa nne ameshamaliza madumu matano. Adabu haimruhusu mwenyeji kugonga mlango wa bafu. Kilichobaki ni koki kubwa ya nje, karibu na mita. Huzungushwa polepole, kisha sauti ya masikitiko husikika dirishani: "Pole sana, shemeji, yamekatika!" Shemeji, mwenye sabuni machoni, hupelekewa nusu ndoo, na hushukuru sana. Kuna mashemeji waliorudi Dar es Salaam wakiamini kwamba maji ya Shinyanga hukatika kila jioni saa moja kasorobo.

Mambo yalibadilika 2009, Rais Jakaya Kikwete alipozindua mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Kahama na Shinyanga na vijiji vya njiani. Maji huchotwa Ihelele, wilayani Misungwi, husafishwa hukohuko, kisha husukumwa kwa pampu kuanza safari ya kuuvuka uwanda. Mamlaka iliyoundwa kuuendesha ni KASHWASA, ambayo huyauza kwa jumla. SHUWASA huyasambaza majumbani mjini Shinyanga. Bomba hilo baadaye lilirefushwa kuelekea Nzega, Igunga na Tabora.

Mradi huo ulikuwa na mpinzani asiyetarajiwa. Mkataba wa 1929 baina ya Uingereza na Misri ulizuia kazi yoyote kwenye Mto Nile na maziwa yake ambayo ingepunguza maji ya Misri, isipokuwa kwa ridhaa ya Misri yenyewe. Tanganyika ilipopata uhuru ilikataa kufungwa na karatasi ambayo haikuitia saini. Hata hivyo, mradi wa Shinyanga ulipoanza kutekelezwa, Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji, Misri ilinung'unika. Bibi wa Ndembezi, mjini Shinyanga, aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kupanga ndoo kwenye foleni hakujua kwamba nusu ndoo yake inahesabiwa Cairo.

Maji ya ziwa yalikuja na mikasa yake. Pampu huhitaji umeme, kwa hiyo umeme ukikatika maji nayo huaga, na mwenye nyumba hukosa pa kuelekeza hasira. Bomba hupasuka pia. Udongo mweusi wa mbuga, ambao umetapakaa sehemu kubwa za mkoa, huvimba ukilowa na hupasuka nyufa ukikauka, na kila msimu huwa umelivuta na kulisukuma bomba lililozikwa ndani yake. Maji yakirudi baada ya kukatika, hutanguliwa na hewa. Bomba hukohoa, hupiga chafya, hutema kutu, na watoto hukimbia wakipiga kelele kwamba yanakuja. Kuna wanaoapa kwamba mita huizungukia hata hewa hiyo. Katika hili wana hoja: hewa ikipita kwa kasi inaweza kuzungusha gurudumu la mita za aina nyingi. Kufungua koki kidogokidogo hupunguza mbio zake.

Mkasa mkubwa kuliko yote, unaostahili kuelezwa kwa utaratibu, ni wa koki iliyoachwa wazi. Chanzo chake ni cha kiufundi. Koki isiyotoa maji haisemi kama iko wazi au imefungwa. Mtu wa kwanza huizungusha kujaribu, haitoi kitu, akaondoka. Wa pili huja, huizungusha upande wa pili, haitoi kitu, akaondoka. Katika kaya ya watu saba koki ya jikoni huzungushwa mara ishirini kwa siku ya mgawo, na ifikapo usiku hakuna awezaye kuapa imelala upande gani. Maji nayo, kwa tabia, hurudi saa tisa usiku.

Ndivyo ilivyokuwa usiku mmoja katika kaya moja. Karo la jikoni lilikuwa limezibwa na bakuli la plastiki. Maji yalijaa karo, yakashuka sakafuni, yakapita chini ya mlango wa sebule, yakainua kandambili sita na kuzisafirisha mpaka korido. Mama mwenye nyumba aliota yuko kwenye kivuko cha Kigongo–Busisi. Aliposhusha mguu kitandani ndipo alipogundua kwamba ndoto ilikuwa na ukweli ndani yake. Kilichofuata ni jambo ambalo mtu wa nchi yenye mito hawezi kulielewa: hakuna aliyefagia maji kuyatoa nje. Familia nzima ilipiga magoti gizani ikiyachota kwa vikombe na kuyatia kwenye pipa la deki. Asubuhi walikuwa wameokoa madumu tisa. Godoro la mtoto wa mwisho, lililokuwa chini, lilikamuliwa likatoa la kumi.

Uvujaji mdogo ni mwizi mpole zaidi. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku. Ukikadiria matone manne kwa mililita, ni lita 21 na ushei. Ni dumu zima kila siku, na linabebwa na mtu asiyeonekana.

Upande wa Geita hali ina kichekesho chake. Mji huo, makao makuu ya mkoa ulioanzishwa 2012, hauko mbali na ziwa, lakini ulikua kwa kasi ya dhahabu, na mabomba hukua kwa kasi ya mabomba. Ndiyo sababu umo katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India. Huko mshindani wa jikoni ni mwamba. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye karasha, kisha unga wake huoshwa kwenye mwalo: ubao wenye mteremko, uliotandikwa vitambaa, unaomwagiwa maji mpaka mchanga uondoke na dhahabu ibaki. Maji hayo hukusanywa shimoni na kurudishwa juu tena na tena, kwa sababu hununuliwa. Hata hivyo, mchimbaji aliyeoga alfajiri kwa kopo tatu humwagia kiroba kimoja cha mawe madumu kwa madumu. Jiwe la machimbo ya Nyarugusu huoga vizuri kuliko mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia.

Dumu la nyumbani likiazimwa kwenda mwaloni halirudi lilivyokwenda. Moja lilirudi na tope la kijivu chini, na mkewe mchimbaji alipotaka kulisuuza alizuiwa kwa kelele: hayo ni marudio, huenda bado yana dhahabu. Likakaa uvunguni miezi minne, likilindwa kama mahari. Hapo pia pana jambo lisilo la mzaha. Chombo kilichogusa zebaki ya kukamatia dhahabu hakirudi jikoni kamwe, kwa kuwa zebaki haitoki kwa sabuni wala majivu.

Uchache wa maji nao una vipimo vyake: mwaka 2018 jiji la Cape Town, mabwawa yake yakiwa yamekaribia kukauka, liliwawekea wakazi kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, na dunia nzima ikatoa machozi. Kwa kaya ya watu sita kikomo hicho ni madumu 15 kila siku. Kuna nyumba za pembezoni mwa Shinyanga ambazo zikipewa madumu 15 zitauliza kwanza yatawekwa wapi.

Katika jambo moja dumu huizidi mita. Anayekinga kwenye dumu huona kila lita ikiondoka, naye hujizuia bila kuambiwa. Anayefungua koki huona maji yakija tu. Bwawa lilipokuwa likipungua, kila mtu alikwenda kulitazama. Ziwa halionekani kutoka Ngokolo, na kwa hiyo linadhaniwa halina mwisho. Hata hivyo, kaya zilizokulia maji ya Ning'hwa hazijatupa mapipa yao. Mvua ya kwanza ya Novemba bado hukuta uani masufuria, mabeseni, na mara nyingine kikombe cha baba. Wala si wazimu: paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hutiririsha uniti nzima, kabla hujaondoa maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege.

Kujua kama nyumba inavuja hakuhitaji fundi. Mita isomwe usiku baada ya wote kulala: namba nyeusi ni uniti, nyekundu ni vipande vyake. Isomwe tena alfajiri kabla mtu yeyote hajaenda msalani. Nyekundu zikiwa zimesogea, yuko anayekunywa usiku, naye si shemeji. Na wewe msomaji, kabla hujazima taa leo, nenda ukaishike koki ya jikoni. Ifunge, hata kama haitoi kitu.