Kiko Kimezimika

Kiko kina tabia moja ambayo sigara haina: ukiongea, kinazimika. Sigara ukishaiwasha hujiunguza yenyewe hata ukiisahau kwenye kisahani. Kiko kinataka uwe nacho. Ukivute polepole, ukishindilie kidogo, ukipumzishe, ukirudie. Ndiyo maana katika miaka yote niliyobishana kijiweni juu ya serikali na moshi wangu, sijashinda hata siku moja. Nikivuta, nimeziba mdomo. Nikijibu, kiko kimezimika. Nikija kupata kiberiti, hoja imeshapita na kahawa imepoa.

Kijiwe chetu kiko Magomeni, chini ya mwarobaini. Wapinzani wangu ni wawili. Kuna karani mstaafu wa mahakama, ambaye hata chumvi huiomba “kwa mujibu wa”. Huyu Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 anaitaja kama mtu anayemtaja mtoto wake aliyefaulu. Halafu kuna jirani yangu, nesi mstaafu, ambaye hapigi kelele, na ndiye ninayemwogopa.

Mimi ni mzaliwa wa Urambo, mkoa wa Tabora. Waingereza walikuja kwetu na mradi wao wa karanga baada ya vita, karanga zikawashinda, na baadaye ardhi ikapewa tumbaku. Sare zangu za shule zilitoka kwenye tumbaku. Nakumbuka usiku wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku: baba ameketi mbele ya tanuri na blanketi begani, anasukumia gogo la miombo, anasikiliza moto, anaingia kuchungulia majani yanavyogeuka kutoka kijani kwenda manjano. Moto ukizidi, jani linaungua. Ukipungua, linakuwa jeusi. Kwa vyovyote vile mpanga madaraja atakunja uso sokoni. Mpaka leo nikifungua pakiti ya tumbaku nasikia harufu ya lile bani, na ndiyo sababu nilianza kiko. Angalau hivyo ndivyo ninavyojieleza.

Basi siku moja nikaitoa hoja hiyo yote pale kijiweni. Nikasema serikali gani hii, mkono mmoja una Bodi ya Tumbaku inayomhimiza mkulima alime, mkono mwingine una Wizara ya Afya inayomkataza mtu asivute? Wazee wakatikisa vichwa. Nikaona leo nimepata. Nesi akaweka kikombe chini.

“Baba yako alikuwa anavuta?”

Ikabidi niseme kweli. Marehemu hakuwahi kuvuta. Alikuwa akisema mtu mwenye akili hachomi robota lake.

Nikajaribu kujitetea kwamba mimi moshi siumezi, nauzungusha tu mdomoni na kuutoa. “Na ulimi wako unakuwa wapi wakati huo?” akauliza. Kiko kikazimika chenyewe, bila hata kuongea.

Mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku shisha, kijiwe kizima kilinigeukia kama vile nilikuwa na mabomba mawili uvunguni. Nikaona hapa ndipo pa kuwatolea elimu. Nikawaeleza kwamba kiko cha wazee wa Pwani kilikuwa cha maji: juu kuna bori linalowekwa tumbaku, bori limekaa juu ya digali, digali limezama kwenye chombo chenye maji, na chombo hicho ndicho kiko hasa, halafu unavuta kwa shilamu, na ule mlio wa maji yakibwabwaja una jina lake, malio. Watu waliokipa kila kipande jina, hata sauti, hawakuwa wahuni. Kwa hiyo shisha, nikasema, ni mjukuu wa kiko.

Karani akatabasamu kama hakimu. “Kwa hiyo, kwa mujibu wa maelezo yako mwenyewe, na wewe unavuta shisha.”

Kiko changu hakina maji, na nilidhani hilo lingeniokoa. Ni cha Arusha. Zamani kulikuwa na kiwanda huko kilichochonga viko kwa jiwe jeupe jepesi la Sinya, karibu na Amboseli, vikapelekwa ng’ambo na chapa ya tembo na jina hilohilo, Kiko. Wajerumani huliita jiwe hilo povu la bahari, ingawa Sinya na bahari hawajuani. Nilirithi changu kwa mjomba. Kilikuwa cheupe, sasa kina rangi ya chai ya maziwa, na wenye kujua husema hapo ndipo kinapopendeza.

Nakivaa mdomoni hata kikiwa hakina kitu. Majuzi nilikwenda kumtazama mgonjwa, mlinzi wa getini akaniamkia vizuri, kisha akaninyooshea kidole.

“Mzee wangu, huku hatuvuti.”

“Sivuti, mwanangu. Hakina moto.”

“Kabla ya hapa nililinda benki, mzee. Mtu akija na bunduki akasema haina risasi, hatumpishi.”

Nikakiacha getini, nikapewa namba kama koti la harusini.

Na harusini ndiko yalikonikuta makubwa. Ilikuwa kikao cha pili cha harusi ya mpwa wangu. Mhazini akaita jina langu, nikainuka kuahidi laki moja, kwa shingo upande. Kabla sijaimaliza, moshi ukaanza kunitoka ubavuni. Mama mmoja akasema, “Maskini, ahadi imemchoma.”

“Kiko kiko wapi?” mke wangu akapiga kelele.

“Kiko mfukoni!”

Kijana wa mstari wa mbele akanimwagia mfukoni jagi zima la juisi ya ukwaju. Koti lilikufa palepale. Kiko kilipona, ila kwa miezi miwili kilikuwa na ladha ya ukwaju, na sitadanganya, kilikuwa kitamu kuliko kabla. Kosa langu ni kwamba nililisema hilo kijiweni.

“Tumbaku yenye ladha ya matunda,” karani akasema taratibu, akihesabu kwa vidole.

Hakukuwa na rufaa. Nikiwa nimeinama nahangaika na njiti ya tatu, wakapiga kura, kumi kwa moja, na yule mmoja ni mimi ambaye sikuwa nimeinua mkono. Ikaamuliwa kwamba mvutaji atengewe sehemu, kama sheria inavyotaka: kigoda kimoja upande wa kusini, hatua kumi na mbili kutoka kwenye birika. Karani mwenyewe alizipima.

Hiyo ilikuwa Februari, kaskazi ikivuma, na moshi wangu ulikwenda zake kwa majirani. Sasa ni Juni, kusi imeingia. Nakaa palepale waliponipangia, navuta, na moshi wote unawaendea wao. Jana karani aliitisha kikao cha dharura cha kunihamisha. Nimemjibu kwamba sheria haibadilishwi kila upepo unapogeuka, na safari hii, kwa mara ya kwanza, nimeongea na kiko hakikuzimika.